Tone la Ua na Moyo wa Farasi

Katika maduka ya vifaa vya farasi huko Uingereza, Ujerumani na Marekani huuzwa vichupa vidogo vya kioo cha kahawia, kila kimoja kikiwa na jina la mmea. Farasi anayegoma kupanda gari la kusafirishia mifugo ana ua lake. Aliyehamishiwa banda geni ana lake, na aliyefiwa na mwenzake ana lake pia. Mwenye farasi hudondosha matone machache kwenye ndoo ya maji au juu ya kipande cha tufaha, kisha husubiri mnyama atulie. Mara nyingi mnyama hutulia kweli.

Hapa pana maswali mawili, na ni vizuri tuyatenganishe mapema. Je, farasi ana hisia zinazohitaji kutunzwa? Na je, tone la ua linazifikia hisia hizo? Swali la kwanza jibu lake ni ndiyo, bila kusita. La pili linahitaji twende hatua kwa hatua, tuanzie mwilini mwa farasi, tuingie ndani ya kichupa, kisha turudi bandani. Anayempenda mnyama wake ana haki ya kujua anampa nini.

Huku kwetu farasi ni wachache. Mbung'o, pamoja na ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi, vilimzuia mnyama huyu asienee Afrika Mashariki kama alivyoenea kwingine. Hata hivyo wapo: katika uwanja wa mbio wa Ngong jijini Nairobi, katika vilabu vya kupanda farasi, na mikononi mwa masaisi wanaowalisha na kuwasugua kila alfajiri. Na mengi ya somo hili yanamhusu pia punda, ndugu wa karibu wa farasi, anayebeba mizigo ya watu Lamu na kwingineko.

Hofu inakaa wapi

Tuanze na umbo la mnyama. Farasi ni mla nyasi wa nyika za wazi, hana pembe wala makucha, na kinga yake kubwa ni miguu. Kwa mamilioni ya miaka, farasi aliyechelewa kukimbia aliliwa, na aliyewahi aliishi akazaa. Kukimbia bure kulimpotezea jasho na muda. Kuchelewa mara moja tu kulimpotezea uhai. Ndiyo maana farasi wa leo amerithi mwili wa tahadhari: hushtuka kwanza, akachunguza baadaye. Mtu anayemwita farasi wake mwoga analaumu kitu kilichowaokoa mababu zake.

Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, na humwonyesha karibu mzunguko mzima, takriban nyuzi 350, bila kugeuza shingo. Masikio yake huzunguka, kila moja kwa upande wake. Mfuko wa plastiki ukipeperuka ghafla kwenye waya wa uzio, habari hiyo hufika kwenye sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, ambayo kazi yake mojawapo ni kupima hatari. Ikiona pana hatari, ujumbe huondoka kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya neva, nayo ni ya haraka. Ndani ya sekunde chache tezi za adrenali, zilizo karibu na figo, zinamwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unadunda kwa kasi, mboni za macho zinapanuka, na damu inaondolewa tumboni kupelekwa kwenye misuli ya kukimbilia. Njia ya pili ni ya homoni, nayo ni ya polepole. Ubongo huiamsha tezi ya pituitari, pituitari huziamsha adrenali, nazo hutoa kortisoli, homoni inayofungua akiba ya sukari ili mwili uwe na nguvu za kutosha. Hatari ikipita, mitambo hii yote hupoa. Isipopita, siku baada ya siku, mwili unaishi katika hali ya dharura, na hapo ndipo afya inapoanza kuharibika.

Kwa hiyo hofu ya farasi ni kitu cha mwilini, na unaweza kuigusa. Simama ubavuni mwa kichwa chake, upitishe vidole vyako viwili chini ya mfupa wa taya, kwa upande wa ndani. Utakutana na kitu kama uzi mnene kinachoteleza chini ya ngozi. Huo ni mshipa wa damu. Ubonyeze taratibu dhidi ya mfupa hadi uhisi pigo. Hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Farasi mzima aliyepumzika atakupa kati ya mapigo 28 na 44 kwa dakika. Mtu akifungua mwavuli ghafla mbele yake, idadi hiyo itapanda papo hapo, hata kama farasi amefundishwa vizuri kiasi cha kusimama pale pale bila kutikisika. Ngozi inaweza kuficha hofu, moyo hauifichi.

Shika jambo hili, maana ndilo litakalotuongoza hadi mwisho: hisia ya farasi ni tukio lenye mwili. Ina neva zake, homoni zake na mapigo yake. Chochote kinachodai kuibadilisha lazima kiufikie mwili huo kwa njia fulani.

Daktari, ua na jua

Matone tunayoyazungumzia yalianza na Edward Bach, daktari Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1886 karibu na Birmingham. Alisomea London, akafanya utafiti wa bakteria, kisha akafanya kazi katika hospitali ya homeopathi jijini humo. Mwaka 1930 aliiacha kazi yake ya London na kwenda kutafuta tiba mashambani. Miaka yake ya mwisho aliishi katika nyumba iitwayo Mount Vernon, kijijini Sotwell, hadi alipofariki mwaka 1936 akiwa na umri wa miaka 50.

Bach aliamini kwamba maradhi huanzia kwenye nafsi iliyovurugika, na kwamba kila vurugu ina mmea wake. Aliamini pia kuwa umande ulioota jua juu ya ua hubeba nguvu ya ua lile. Kwa kuwa kukusanya umande ni kazi ngumu, alibuni njia nyepesi. Maua huchumwa siku ya anga safi, huachwa yaelee juu ya maji ya chemchemi ndani ya bakuli la kioo, na bakuli huachwa juani kwa takriban saa tatu. Maua huondolewa, na maji yanayobaki huchanganywa na brandi kwa kiasi sawa ili yasioze. Mimea mingine, hasa ya miti, huchemshwa badala ya kuanikwa juani.

Alipomaliza alikuwa na dawa 38. Mimulus ni ya hofu ya kitu kinachojulikana, Rock Rose ni ya hofu kuu, Walnut ni ya mabadiliko, Honeysuckle ni ya anayetamani siku zilizopita, na Star of Bethlehem ni ya mshtuko na msiba. Mchanganyiko wa dawa tano kati ya hizo, unaofahamika kama Rescue Remedy, huuzwa kwa ajili ya dharura. Moja kati ya zile 38, Rock Water, haina mmea wowote: ni maji ya chemchemi yaliyowekwa juani.

Bach aliziunda dawa hizi kwa ajili ya watu. Waliomfuata wakazipeleka kwa mbwa, paka na farasi. Nia yao ilikuwa njema, tena ilitangulia mambo mengi: walikubali kwamba farasi anaweza kuhuzunika na kuogopa, wakati ambapo wengi walimhesabu mnyama kuwa chombo cha kazi. Kwa hilo wanastahili heshima. Sasa tuyapime matone yenyewe.

Tupige hesabu

Dawa hufanya kazi mwilini kwa molekuli zake. Molekuli hufika kwenye seli, hujishika kwenye kipokezi kinachoifaa, na seli hubadilisha mwenendo wake. Ili hayo yatokee zinahitajika molekuli za kutosha. Molekuli chache mno huacha vipokezi vingi vitupu, na mwili hauhisi kitu. Swali basi ni rahisi: katika matone anayopewa farasi mna kiasi gani cha ua?

Tuwe wakarimu. Tuseme katika zile saa tatu za jua, maua yametoa gramu 1 nzima ya viambato vyake katika kila lita ya maji. Hiyo ni miligramu 1 kwa mililita. Maji hayo yanachanganywa na brandi nusu kwa nusu, kwa hiyo inabaki nusu miligramu kwa mililita. Huu ndio mchanganyiko mama.

Mchanganyiko mama hauuzwi hivyo. Matone 2 yake huingizwa kwenye brandi ya mililita 30. Mililita moja ina takriban matone 20, kwa hiyo mililita 30 ni matone 600. Matone 2 kati ya 600 ni moja kwa 300. Ile nusu miligramu ukiigawa kwa 300 unapata takriban maikrogramu 1.7 kwa mililita, na maikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Hicho ndicho kichupa cha dukani.

Mwenye farasi anadondosha matone 10 kwenye ndoo. Matone 10 ni nusu mililita. Kwa ukarimu wetu wote, ndani yake mna maikrogramu 0.8 hivi ya viambato vya ua. Farasi ana uzito wa kilo 500 na damu ya lita 40 hivi. Ukitaka kuuona uwiano huo, chukua kijiko cha chai cha chumvi ukikoroge katika lita bilioni 3 za maji, yaani mabwawa 1,200 ya kuogelea ya Olimpiki. Hivyo ndivyo ua lilivyokaa ndani ya farasi.

Linganisha na dawa ya kweli ya kutuliza. Detomidini ni miongoni mwa dawa kali ambazo daktari wa mifugo humchoma farasi anapotaka asimame kimya. Kwa farasi wa kilo 500, kipimo cha kawaida ni takriban miligramu 5, nacho huhesabiwa kuwa kidogo sana kwa mwili mkubwa namna hiyo. Hizo miligramu 5 ni zaidi ya mara 6,000 ya kile tulichokikuta kwenye matone. Ili ua liwe na nguvu ya dawa hiyo, ingebidi kiambato chake kiwe kikali mara elfu kadhaa kuliko mojawapo ya dawa kali tulizo nazo, nasi tungekigundua zamani kwa madhara yake kwa wanyama wanaokula maua malishoni. Brandi nayo haiwezi kuwa sababu: pombe iliyomo katika nusu mililita ya kimiminika hicho ni kidogo mno kumlevya farasi.

Wafuasi wa Bach wana jibu. Wanasema nguvu ya tone haiko kwenye molekuli, iko kwenye asili ya ua iliyohamia majini. Jibu hilo tunaweza kulipokea kwa heshima na bado tukalipima, kwa sababu nguvu yoyote inayomtuliza farasi lazima ionekane katika utulivu wa farasi. Haidhuru inapita njia gani. Mpe farasi mmoja maji yenye asili ya ua, mpe mwingine maji na brandi peke yake, kisha angalia. Ikiwa nguvu ipo, wa kwanza atatulia kuliko wa pili.

Kwa watu, majaribio ya namna hiyo yamefanywa. Mwaka 2001 watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio la watu 61 wenye hofu ya mitihani. Baadhi walipewa matone ya maua, wengine matone bandia, na hakuna aliyejua ameshika kipi. Hofu ilipungua kwa makundi yote mawili, na hapakuwa na tofauti kati yao. Mwaka 2010 Profesa Edzard Ernst alikusanya majaribio yote ya aina hiyo aliyoyapata, saba kwa jumla. Katika kila jaribio lililolinganisha matone halisi na matone bandia, ua halikushinda.

Mbona basi farasi alitulia?

Hapa ndipo wengi hukasirika, na hasira yao ina msingi. Mtu amemwona farasi wake kwa macho yake mwenyewe. Jana alikuwa anarusha mateke, leo amesimama. Kumwambia kwamba hakuona alichoona ni kumvunjia heshima. Aliona. Kinachobaki ni kutafuta kilicholeta alichokiona, na visababishi viko vinne.

Cha kwanza ni wakati. Mtu hanunui dawa siku farasi anapokuwa na hali ya kawaida. Hununua siku hali imekuwa mbaya kupita zote. Lakini hali ya kiumbe yeyote hupanda na kushuka, na baada ya siku mbaya kupita zote, siku inayofuata mara nyingi huwa afadhali, dawa iwepo isiwepo.

Cha pili ni kuzoea. Farasi aliyehamishiwa banda jipya hana rafiki pale, hajui sauti za mahali wala ratiba ya chakula. Juma la kwanza huzunguka, huita, hula kidogo. Taratibu huwajua majirani zake na hutulia. Akipewa Walnut siku ya pili, sifa zote zitaenda kwa Walnut.

Cha tatu ni jicho la mtazamaji. Tukitarajia nafuu, tunaiona. Watafiti walipochunguza mbwa wenye kifafa waliokuwa wamepewa dawa bandia katika majaribio, mbwa 22 kati ya 28 walirekodiwa kuwa na degedege chache kuliko mwanzo. Mbwa hajui kama amepewa dawa halisi au bandia. Wenye mbwa ndio waliohesabu, hali ya ugonjwa ndiyo iliyopanda na kushuka, na uangalizi wakati wa utafiti ulikuwa mkubwa kuliko kawaida.

Cha nne ndicho kizito zaidi kwa farasi, na tukikaa hapo kidogo kitatufaa. Mwanzoni mwa karne ya 20, jijini Berlin, mwalimu mmoja mzee, Wilhelm von Osten, alikuwa na farasi aliyeitwa Hans. Hans aliulizwa hesabu na kujibu kwa kugonga ardhi kwa ukwato. Aliulizwa mbili jumlisha tatu, akagonga mara tano. Mwanasaikolojia Oskar Pfungst alimchunguza kwa subira, na mwaka 1907 akachapisha alichokikuta. Hans alijibu sawasawa pale tu muulizaji alipolijua jibu, na pale tu Hans alipoweza kumwona. Ukwato ulipofika kwenye idadi sahihi, muulizaji, bila kujua, aliinua kichwa kidogo mno, kiasi ambacho watu waliokuwa wamesimama pale hawakukiona. Hans alikiona, akaacha kugonga.

Wengi walimcheka Hans kwa kuwa hakujua hesabu. Mimi naona alituonyesha kipaji kikubwa kuliko hesabu: farasi anausoma mwili wa mtu kuliko mtu anavyojisoma mwenyewe. Miaka zaidi ya mia moja baadaye vipimo vinathibitisha. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walichapisha jaribio ambamo watu waliongoza au kupanda farasi kwenye njia moja mara nne. Kabla ya mara ya nne mtu aliambiwa kwamba mwavuli utafunguliwa ghafla farasi akipita. Mwavuli haukufunguliwa. Hata hivyo moyo wa mtu ulienda mbio, na moyo wa farasi, ambaye hakuambiwa chochote, ukaenda mbio pia. Mwaka 2016 wenzao wa Chuo Kikuu cha Sussex waliwaonyesha farasi 28 picha za nyuso za watu. Mapigo ya moyo yalipanda upesi zaidi mbele ya uso wa hasira kuliko mbele ya uso wa furaha.

Sasa mrudie mwenye kichupa. Kabla ya kukipata alikuwa anaingia bandani na mabega yamemkaa juu, pumzi fupi, mkono umeikaza kamba. Farasi alikuwa anayasoma hayo yote na kuhitimisha kwamba pana jambo la kuogopwa. Baada ya kupata kichupa anaamini msaada umefika. Anaingia polepole, anapumua, anasimama na mnyama wake kwa dakika tano, anasema naye kwa sauti ya chini. Farasi anasoma hayo pia. Nafuu ni ya kweli, na njia iliyopita ni mwili wa binadamu. Jambo hili lina faida kubwa kwa yeyote anayeshughulika na farasi, kwa sababu utulivu huo anaweza kumletea mnyama wake kila siku bila kununua kitu.

Kupima bila kujidanganya

Anayetaka kupima mwenyewe anaweza kufanya hivyo bandani pake. Tafuta vichupa viwili vinavyofanana. Rafiki ambaye hatakuwepo bandani atie matone ya ua kwenye kimoja, na maji yenye brandi kwa kiasi kile kile kwenye cha pili. Avipe alama A na B, aandike siri kwenye karatasi na kuifungia kwenye bahasha. Chagua jambo moja dogo linalomtia farasi wasiwasi na linalojirudia bila kumuumiza, kama kuongozwa kuvuka turubai lililotandazwa chini. Kila siku ya jaribio rusha sarafu kuamua ni kichupa gani kitumike. Fanya kila kitu kwa saa ile ile, mtu yule yule ameshika kamba, na pigo la moyo lihesabiwe muda ule ule baada ya farasi kuvuka.

Usihesabu siku tatu ukatoa hukumu. Farasi atakuwa anazoea turubai kadiri siku zinavyopita, na mapigo yatashuka kwa vichupa vyote. Sarafu ndiyo inayokulinda hapo, kwa kuwa inatawanya A na B mwanzoni na mwishoni. Ukishapata siku nyingi za kila kichupa, tafuta wastani wa A na wastani wa B, halafu ndipo ufungue bahasha. Kama wastani huo unakaribiana, umepata jibu lako, nalo limetoka kwa farasi mwenyewe.

Kinachomfikia farasi

Kumwondolea mtu kichupa bila kumpa kitu mkononi ni kumwacha farasi na hofu yake. Basi tuangalie vitu ambavyo njia yake ya kuufikia mwili inajulikana, tukianza na kinachopaswa kutangulia.

Maumivu kwanza. Farasi anayerusha mateke anapofungwa tandiko, anayekataa lijamu, aliyegeuka mkali ghafla, mara nyingi anaumwa. Uso wake husema: masikio yamelala nyuma, ngozi juu ya jicho imekaza, misuli ya taya imevimba, pua na midomo vimekakamaa. Wataalamu wa Ulaya waliziweka dalili hizi kwenye kipimo cha maumivu mwaka 2014. Kwa farasi anayepandwa, daktari Sue Dyson wa Uingereza na wenzake waliorodhesha tabia 24. Farasi anayeonyesha 8 au zaidi ana uwezekano mkubwa wa kuwa na maumivu. Meno, mgongo, kwato, na tandiko lisilomkaa vizuri vichunguzwe kabla ya kuitafuta nafsi. Farasi anayejitazama ubavu, anayeparua ardhi, anayelala na kuinuka bila kutulia, anaweza kuwa na msokoto wa tumbo. Huyo aitiwe daktari saa hiyo hiyo. Kungoja tone lifanye kazi hapo kunaweza kumpotezea maisha.

Kisha tumbo. Tumbo la farasi hutoa asidi mfululizo, usiku na mchana, awe anakula au hali. Kinachoipoza asidi hiyo ni mate, nayo farasi huyatoa anapotafuna tu. Malishoni hutafuna kwa takriban saa 16 kati ya 24, kwa hiyo mate hayakomi. Akifungiwa na kupewa nafaka mara mbili kwa siku, asidi hubaki peke yake kwa saa nyingi na kuuchoma ukuta wa tumbo. Baadhi ya tafiti za farasi wa mbio walio mazoezini zimekuta vidonda vya tumbo kwa hadi 9 kati ya 10. Mnyama mwenye kidonda tumboni atakuwa na wasiwasi, na nyasi kavu za kutosha, zikigawanywa asubuhi, mchana na usiku, zitamfaa kuliko ua lolote.

Tatu, wenzake. Farasi hulala na kupumzika kwa amani akijua kuna jicho jingine linalolinda. Watazame wawili wanaopatana: husimama kila mmoja akielekea mkia wa mwenzake, wakiguguna taratibu pale shingo inapokutana na mgongo. Mwaka 1993 watafiti walipima moyo wa farasi aliyekunwa mahali hapo hapo, na mapigo yakashuka kwa takriban asilimia 11. Mkono wa mtu unaweza kufanya kazi hiyo. Weka vidole mbele kidogo ya tandiko, kwenye mzizi wa singa, ukune kwa nguvu ya wastani. Mdomo wa juu wa farasi utaanza kurefuka na kutetema, shingo itashuka, na jicho litalegea. Kwa farasi anayelazimika kukaa peke yake, hata kioo kilichofungwa ukutani kimeonekana kupunguza tabia ya kuyumba kushoto na kulia mlangoni, tabia inayoota kwa farasi waliofungiwa sana. Aliyefiwa na mwenzake anahitaji mwenzi mwingine, ratiba isiyobadilika, na mtu wa kuangalia kama anaendelea kula na kunywa. Punda naye hufungamana na mwenzake kwa nguvu sana, na akitengwa huweza kuacha kula hadi akaugua.

Nne, nafasi ya kutembea. Mwili uliotengenezwa kwa ajili ya kwenda haupati raha ndani ya kuta nne kwa saa 23.

Tano, mafunzo ya taratibu. Farasi anayeogopa turubai asiburutwe juu yake. Alionyeshwe kwa mbali, pale ambapo masikio yanaelekea mbele lakini miguu bado imetulia. Mara tu anaposhusha shingo na kupumua, turubai liondolewe au yeye aondolewe. Ubongo wake utaandika kwamba utulivu ndio ulioiondoa hofu. Kesho liwe karibu hatua moja. Njia hii ni ndefu, na matokeo yake hudumu, kwa sababu inafanya kazi pale pale hofu inapozaliwa.

Anayependa kuendelea kudondosha matone yake hatamdhuru farasi kwa matone hayo, ilimradi daktari ameshaitwa, nyasi zipo, mwenzi yupo na mlango wa malisho umefunguliwa. Madhara huja pale kichupa kinapochukua nafasi ya haya manne. Tulianza kwa kukubali kwamba farasi anaogopa, anahuzunika na anafarijika kweli. Hisia hizo zina neva, asidi, misuli na mapigo yanayohesabika chini ya taya, na kwa sababu hiyo hiyo zinastahili tiba inayoufikia mwili.